Saa Moja Kabla ya Kennedy

Ijumaa ya tarehe 22 Novemba 1963, saa kumi jioni, mzee Warren Lewis alimpelekea mdogo wake chai chumbani. Alimkuta anasinzia, ametulia, na wakasemezana maneno machache tu. Saa kumi na moja na nusu akasikia kishindo. Alipokimbilia kule akamwona mdogo wake ameanguka miguuni mwa kitanda, hana fahamu. Zilipita dakika tatu au nne, pumzi ikakatika. Wiki moja tu ilibaki atimize miaka 65.

Huyo aliyekata roho nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Oxford alikuwa C. S. Lewis, mwandishi wa hadithi za watoto za Narnia na wa vitabu vya imani ya Kikristo. Saa nzima baadaye, risasi zikalia Dallas, Marekani, zikamuua Rais John F. Kennedy.

Huku kwetu ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Yaliyofuata hata babu zetu waliyasikia redioni, kwa maana Kennedy alikuwa na jina Afrika Mashariki. Mwaka 1960 mfuko wa familia yake ulitoa dola 100,000 kusaidia kuwasafirisha vijana wa huku kwenda kusoma Marekani. Julai 1963 Mwalimu Nyerere alikuwa mgeni wake Ikulu kule Washington. Mpaka leo, ukiita "Kennedy!" penye watu wengi Kisumu, si mmoja atakayegeuka. Mtu wa miaka 46, baba wa watoto wawili wadogo, anauawa mchana kweupe mbele ya mkewe: dunia ilikuwa na haki ya kulia.

Kwa hiyo siwalaumu waandishi wa magazeti ya siku ile. Kinachoniuma ni sisi tuliokuja baadaye. Kila Novemba ikifika, kwenye makundi ya WhatsApp ya kanisani unapita ujumbe: "Je, wajua kwamba C. S. Lewis alikufa siku moja na Rais Kennedy?" Na mara nyingine huongezwa kwamba mwandishi Aldous Huxley naye alifariki siku hiyohiyo. Basi. Watu wanaweka vidole gumba juu, tunaendelea na matangazo ya kikundi cha kina mama. Kifo cha mtu kimefanywa kitendawili, na Lewis tunamkumbuka kwa sababu ya mtu mwingine.

Nalisema hili nikiwa na jambo moyoni. Machi 2021, taifa letu lilipokuwa likimwombolezea Rais Magufuli, sisi tulimzika mjomba kijijini Singida. Alikuwa mwinjilisti wa mtaa kwa miaka mingi, na alikuwa mwandishi, ingawa hakuchapa hata ukurasa mmoja. Mahubiri yake aliyaandika kwa mkono katika makaunta buku kumi na moja, nami ninayo. Siku ya maziko redio ya jirani ilikuwa ikipiga nyimbo za maombolezo ya kitaifa tangu alfajiri. Nami nilimlilia Rais, sikatai. Ila jeneza la mjomba lilipokuwa likishushwa nikamwona mtu kainamia simu, anafuatilia msafara wa Rais, kifua kilinibana. Miezi kadhaa nilijiuliza kama nilikuwa na haki ya kuumia hivyo, nchi nzima ikiwa msibani.

Jibu nililipata kwa Lewis mwenyewe. Tarehe 8 Juni 1941, vita vikiendelea, alihubiri katika kanisa la Mtakatifu Maria pale Oxford. Alikuwa mlei, mwalimu wa fasihi, na miaka kumi tu nyuma yake ndipo alipokuwa Mkristo baada ya kuishi muda mrefu bila kumwamini Mungu. Wakati ule watu walikuwa wakifa kwa ajili ya mataifa, na habari kubwa zote zilikuwa za mataifa. Yeye akawaambia waliokaa mbele yake kwamba hakuna mtu wa kawaida, na kwamba hawajapata kamwe kuzungumza na kiumbe wa kufa tu. Mataifa, tamaduni na sanaa, alisema, ndivyo vyenye kufa, na maisha yake ukiyalinganisha na yetu ni kama ya mbu.

Nilipoyasoma hayo nilifunga kitabu nikatoka nje. Sisi tumezoea kuhesabu kinyume chake. Kwetu nchi ndiyo inayodumu, mtu anapita. Ndiyo maana msiba wa nchi ukiingia, misiba ya nyumbani inasogezwa pembeni. Lewis aliligeuza jambo lote. Kwake yule mwinjilisti wa Singida ana umri mrefu kuliko Tanzania, na kuliko Uingereza yenye wafalme wake wote. Wala hakusema hivyo ili watu wapuuze mambo ya nchi. Mwenyewe alipigana Ufaransa katika vita vya kwanza, akajeruhiwa mwaka 1918, na rafiki yake alipouawa alimtunza mama wa rafiki huyo kwa miongo mitatu.

Mahubiri yale aliyaishi kwa njia ya kuchosha: kujibu barua. Baada ya mazungumzo yake kwenye redio ya BBC, yale yaliyokuja kuwa kitabu cha *Mere Christianity*, barua zilimiminika, na hadithi za Narnia zilipotoka zikazidi, nyingine za watoto. Alizijibu mwaka hata mwaka kwa kalamu ya kuchovya wino, Warren akimsaidia kwa taipureta. Profesa mwenye vitabu vya kuandika anaacha kazi yake asubuhi ili amjibu mtoto anayeuliza habari za Aslan, yule simba wa Narnia! Wapo wanaosema ulikuwa upotevu wa muda. Mimi nasema asingezijibu, mahubiri ya 1941 yangekuwa maneno matupu. Tarehe 21 Novemba 1963, moyo na figo vikiwa vimechoka, aliandika tena barua kwa mtoto mmoja. Kesho yake akafa.

Alizikwa Jumanne ya tarehe 26, katika uwanja wa kanisa la Utatu Mtakatifu, Headington Quarry. Siku moja kabla yake Kennedy alikuwa amezikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington, na wafalme na marais walitembea nyuma ya jeneza. Headington walikuja marafiki wachache, mwandishi mwenzake Tolkien akiwamo. Juu ya jeneza palikuwa na mshumaa mmoja, na waliokuwapo walisimulia kwamba hata lilipotolewa nje mwali haukuyumba.

Warren hakuwapo. Alikuwa amebaki nyumbani kitandani, amezidiwa na huzuni na pombe, ugonjwa uliomtesa kwa miaka mingi. Kwetu kaka asipoonekana makaburini yangesemwa mengi. Mimi nakirudia kikombe kile cha chai, na siwezi kumhukumu. Hawa wawili walifiwa na mama Agosti 1908, mdogo akiwa na miaka 9, na tangu hapo walikuwa wameshikana. Siku mama alipofariki, kalenda ya baba yao ilikuwa na mstari wa Shakespeare unaosema watu hawana budi kuvumilia kuondoka kwao duniani. Baba aliihifadhi karatasi hiyo. Miaka 55 baadaye, Warren ndiye aliyechagua maneno hayohayo yachongwe juu ya kaburi la mdogo wake.

Tarehe 9 Aprili 1973 Warren naye alifariki. Walifukua palepale wakamlaza pamoja naye, na jina lake likaongezwa kwenye jiwe lilelile.