Ayutthaya: sanamu zisizo na vichwa, zirudishiwe au ziachwe?

Ukishuka stesheni ya Ayutthaya, kilomita 80 hivi kaskazini mwa Bangkok, unatembea kidogo hadi ukingoni, unatoa sarafu chache na kivuko kinakuvusha mto Pa Sak. Ng'ambo ni mji uliozungukwa na maji pande zote, kwa kuwa mito mitatu, Chao Phraya, Lopburi na Pa Sak, inakutana hapo. Mfalme U Thong aliweka makao yake kwenye kisiwa hicho mwaka 1350, na kwa miaka 417 Siam, jina la zamani la Thailand, ikatawaliwa kutoka hapo. Aprili 1767 jeshi la Burma (Myanmar ya leo), lililokuwa limeuzingira mji kwa zaidi ya mwaka mzima, lilivunja ngome na kuutia moto.

Siku hizi watu huenda kutazama kilichosalia. Kinachomsimamisha mgeni pale Wat Mahathat, hekalu lililoanzwa karne ya 14, ni shingo. Mabuddha wameketi safu nzima, miguu wameikunja, mkono mmoja umelala pajani, mabega yamenyooka, na juu ya mabega hakuna kitu. Nilichutama mbele ya mmoja wao. Lipu ilikuwa imebanduka, matofali mekundu yakaonekana kama nyama chini ya ngozi iliyochubuka, na pale shingo ilipokatika pamelainika kwa mvua za miaka mingi. Karibu na goti lake palikuwa na ua la yungiyungi na vijiti vya udi vilivyokwisha kuungua. Mtu alikuwa amekuja asubuhi ile kuomba mbele ya sanamu isiyo na uso.

Ua lile ndilo linalonifanya niutazame upya ubishi wa siku nyingi kuhusu mji huu. Je, sanamu na mahekalu haya yatengenezwe yarudi kama yalivyokuwa, au yaachwe na majeraha yake?

Wanaotaka yatengenezwe wana hoja nzito, na sisi wageni huwa hatuipi uzito wake. Sanamu ya Buddha haikuchongwa iwe pambo. Msomaji Mwislamu na afikirie msahafu uliochanika, ukaachwa wazi juani ili wapita njia waupige picha. Angeona uchungu, na uchungu huo ungekuwa wa haki. Katika dini ya Wathai walio wengi, kukarabati hekalu ni jambo la thawabu, kama kwetu kujenga msikiti au kuchimba kisima. Kwa muumini, kuliacha hekalu libomoke huku uwezo wa kulitengeneza upo si kuhifadhi historia. Ni uzembe.

Nao wana mfano wa kuonyesha. Sanamu ya shaba ya Phra Mongkhon Bophit, mojawapo ya kubwa kabisa nchini, ilipoteza paa lake katika moto wa 1767. Paa lilipoanguka lilivunja utosi na mkono wa kulia. Miaka ya 1950 jengo likainuliwa upya, na miongoni mwa waliochangia fedha alikuwemo U Nu, waziri mkuu wa Burma. Kiongozi wa nchi ambayo jeshi lake liliuchoma mji alitoa mchango wa kuezeka tena kilichochomwa. Hakuna gofu linaloweza kusema jambo kama hilo, na kila nikifikiria kwamba hekalu lile lingeachwa wazi kwa jina la uhifadhi, naona kwamba tendo hilo lisingepata pa kukaa.

Wa upande wa pili huanza na swali jepesi kulitamka na gumu kulijibu: kichwa kipi? Nyuso za Buddha zilizochongwa Siam zilibadilika sana katika karne zile nne. Kuna za mapema zenye taya pana na uso mzito zinazokumbusha kazi za Wakhmer, watu wa Kambodia, na kuna za baadaye zenye taji na vito. Fundi wa leo akiuweka uso juu ya mwili wa miaka 600 iliyopita, atakuwa amebuni. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi duniani huufuata, unataka ukarabati ukome pale makisio yanapoanza. UNESCO nayo, ilipoiingiza Ayutthaya katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991, iliyapokea magofu yenyewe kama ushahidi wa ustaarabu wake. Ukiyafuta majeraha, umeufuta ushahidi.

Kuna na suala la saruji. Tofali la kale lililojengewa kwa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Likipigwa lipu ya saruji, unyevu unakwama ndani, chumvi inatafuna, na baada ya miaka michache uso wa tofali unamenyeka kama gamba. Mafundi wa mwambao wetu hawahitaji kufundishwa hilo. Kilwa Kisiwani iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa 2014, kuta zikiwa zimeimarishwa bila mtu kuigeuza Husuni Kubwa kuwa kasri jipya.

Nikizipima hoja hizi, naona pande zote mbili zimekubali bila kuuliza kwamba vichwa vilikatwa na Waburma. Ndivyo watembezaji wengi wanavyosimulia, na ni kweli kwamba vita vile viliharibu mno. Dhahabu iliyoifunika sanamu ya kusimama ya Wat Phra Si Sanphet, yenye urefu wa mita 16, iliyeyushwa na kuchukuliwa. Lakini Waburma nao walikuwa Wabuddha wa madhehebu hayo hayo, na hekalu la Wat Na Phra Men, ng'ambo tu ya mto, halikuchomwa. Baada ya vita ndipo ulipoanza uharibifu wa polepole. Matofali ya Ayutthaya yalibebwa kwa mashua kwenda kujenga Bangkok, mji mkuu mpya ulioasisiwa 1782. Wasaka hazina walichimba kila palipokuwa na mnara. Soko la vitu vya kale nalo lilipenda vichwa hasa, maana kichwa hubebeka na hupendeza mezani.

Mwaka 1957 wezi walifukua chumba cha siri chini ya mnara wa Wat Ratchaburana, wakatoka na vyombo vya dhahabu vilivyokuwa vimezikwa tangu karne ya 15. Sehemu ya hazina iliokolewa, na leo iko katika makumbusho ya Chao Sam Phraya yaliyofunguliwa 1961. Fedha za kuyajenga makumbusho hayo zilitoka kwa watu waliochangia wakapewa vibao vidogo vya udongo vyenye picha ya Buddha, vilivyotoka katika chumba kile kile. Sehemu ya urithi iligawiwa ili iliyobaki ipate nyumba. Mimi silaumu. Nasema tu kwamba habari hii inamhitaji mgeni aisikie, na ukimrudishia Buddha kichwa kipya, kibao cha maelezo kitabaki na kisa cha vita peke yake, na wanunuzi watakuwa wamesamehewa.

Kwa hiyo nasimama na wanaosema vichwa visirudishwe. Ila siwezi kukubali kwamba "tuyaache" maana yake tusifanye lolote, kwa sababu ya maji. Mwaka 2011 mafuriko yaliingia kisiwani na kwingineko jirani, yakasimama kwa wiki kadhaa. Wat Chaiwatthanaram, lililojengwa na Mfalme Prasat Thong mwaka 1630 kwenye ukingo wa magharibi wa Chao Phraya, lilizama sehemu zake za chini. Msingi wa matofali juu ya udongo wa mfinyanzi ukilowa hivyo, mnara unaanza kuinama. Kabla ya kubishana juu ya vichwa, ningependa kila baht, sarafu ya Thailand, itumike kwenye kuta za kuzuia mto, mifereji na mafundi wanaojua chokaa.

Na wageni tuna deni letu. Pale Wat Mahathat kuna kichwa cha jiwe la mchanga kilichokumbatiwa na mizizi ya mti hadi kikawa sehemu yake. Kukitoa ni kuukata mti. Walinzi huwaomba watu wachutame wanapopiga picha, kichwa cha mtu kisiwe juu ya cha Buddha. Kuna pia mabango yanayokataza mtu kusimama nyuma ya sanamu isiyo na kichwa na kuweka chake. Hadi bango liandikwe, ina maana wengi wamefanya. Anayetaka sanamu zitengenezwe akiona picha hizo, nashindwa kumwambia kwamba gofu linafundisha.

Jengo la Mongkhon Bophit na Wat Phra Si Sanphet yako jirani kabisa. Katika la kwanza unavua viatu, unaingia chini ya paa jekundu, waumini wamepiga magoti, udi unanukia. Unatoka, unavaa viatu, unapita lango la pili. Huku minara mitatu mikuu imeimarishwa isimame, lakini ukumbi mkubwa uliokuwa na ile sanamu ya dhahabu umebaki msingi na nguzo zilizokatika. Siku niliyofika, bibi mmoja aliyetoka kuomba ndani alisimama ukingoni mwa msingi ule, akavua tena kandambili zake, akaunganisha viganja mbele ya uso na kuinama kuelekea mahali patupu.