Ujerumani: Humwangushi Kansela Bila Kumtaja Mrithi

Katika Katiba yote ya Ujerumani, Ibara ya 67 ndiyo inayonivutia zaidi. Bunge lao, Bundestag, haliwezi kumng'oa Kansela, yaani mkuu wa serikali, kwa kumkataa tu. Kura ya kutokuwa na imani naye ni lazima iwe pia kura ya kumchagua mrithi wake, tena kwa wingi wa wabunge wote, si wa waliohudhuria peke yao.

Walioiandika mwaka 1949 walikuwa na jeraha bichi. Septemba 1932 wakomunisti walipeleka hoja ya kumkataa Kansela Papen, Wanazi wakaiunga mkono, ikapata kura 512 dhidi ya 42. Mahasimu hao waliafikiana kubomoa. Juu ya kujenga hawakuwa na neno moja. Januari iliyofuata Hitler akawa Kansela.

Tangu hapo ibara hii imemwondoa Kansela mmoja tu: Helmut Schmidt, tarehe 1 Oktoba 1982, chama cha FDP, mshirika wake serikalini, kilipomhama kikaenda kwa Helmut Kohl, aliyemrithi. Mwaka 1972 Rainer Barzel, kiongozi wa upinzani, alijaribu kumwondoa Willy Brandt, akapungukiwa kura 2. Italia, tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, imeshapitia serikali zaidi ya 60.

Wanaoikosoa wana hoja nzito: inalinda kiti, hailindi uwezo wa kutawala. Novemba 2024 Olaf Scholz alimfukuza waziri wake wa fedha, Christian Lindner, na serikali ya mseto ikavunjika. Akabaki Kansela asiye na kura za kupitisha bajeti, na wapinzani hawakuwa na mtu wa kukubaliana. Bundestag nayo haina mamlaka ya kujivunja. Ikabidi Scholz aombe kura ya imani chini ya Ibara ya 68 ili ashindwe. Akashindwa, 207 kwa 394, ndipo Rais Steinmeier akalivunja Bunge.

Mkwamo ule uliwaumiza wananchi, sikatai. Hata hivyo mawaziri walibaki ofisini kihalali hadi uchaguzi ukafanyika, na kwangu hilo lina thamani kuliko kasi ya kuangusha.

Kinachonitia wasiwasi ni mlango wa kuingilia. Tarehe 6 Mei 2025 Friedrich Merz, ambaye mseto wake ulikuwa na wabunge 328, alipata kura 310 katika duru ya kwanza ya kumchagua Kansela, alihitaji 316. Alipita duru ya pili siku hiyohiyo kwa 325. Kwa saa zile chache, Ibara ya 67 haikuwa na mtu wa kumlinda.