Mtoto Aliyepotea Si Tangazo la Filamu

Juma lililopita nguzo za umeme za Ngamiani, hapa Tanga, zilibandikwa picha ya mtoto wa kike wa miaka saba hivi, kavaa ushungi mweupe, anaitazama kamera bila kucheka. Juu yake pameandikwa AMEPOTEA kwa wino mwekundu. Chini: alionekana mara ya mwisho karibu na Soko la Mgandini, atakayemwona apige namba hii. Namba ilikuwa inaita tu, haipokelewi.

Kufika jioni picha ile ilikuwa imeshaingia kwenye makundi yote ya WhatsApp niliyomo. Msikiti wa mtaani kwetu ulitangaza baada ya swala ya Magharibi. Vijana wa bodaboda waliacha abiria, wakazunguka mpaka Sahare kwenye mikoko. Jirani yangu, mzee mwenye kisukari, miguu imemvimba, alichukua tochi akaenda kukagua mitaro ya nyuma ya nyumba, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na yeye anajua mtaro wenye maji unavyoweza kumdhuru mtoto. Alirudi saa tano usiku, hana la kusema.

Asubuhi yake nguzo zile zile zilikuwa na karatasi mpya. Mtoto yule yule. "Umemtafuta sana? Njoo umwone." Jina la filamu, ukumbi, tarehe, kiingilio.

Sitaitaja hiyo filamu. Nikiitaja nitakuwa nimewafanyia kazi waliyoikusudia.

Nilimpata mmoja wa vijana walioitengeneza, maana Tanga ni ndogo na mama yake nimesoma naye. Kijana ana adabu. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti. "Shangazi, ile ilikuwa kiki tu," akaniambia. "Siku hizi filamu bila kiki haiuziki. Na mtoto mwenyewe hakudhurika, ni mpwa wangu, muda wote alikuwa nyumbani." Nikamuuliza: na yule mzee wa tochi, naye mlimuweka kwenye hesabu ya kiki yenu? Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hatukujua kama watu watatoka namna ile."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtoto wa mji huu, amekulia Barabara ya 9, hajui kwamba hapa kwetu mtoto akipotea watu hutoka!

Basi nimweleze, yeye na wenzake wote wanaopanga kiki nyingine. Tangazo la aliyepotea halina mwenyewe, na halilipiwi. Muadhini hadai ushahidi, mwenyekiti wa mtaa hadai kitambulisho, mama mwenye chungu motoni haulizi mtoto ni wa kabila gani wala wa dini gani. Anaepua chungu, anatoka. Kanisani ni hivyo hivyo. Na ndiyo maana linafanya kazi: kila mtu anaamini kwanza, kuuliza baadaye, na mtoto anapatikana kabla hajafika mbali. Kipaza sauti hicho hicho ndicho kinachotuambia nani amefariki, anazikwa saa ngapi, maziko yataanzia wapi. Hatujawahi kukisikia tukajiuliza kama ni kweli. Tangu juma lililopita tunajiuliza.

Siku mtoto mwingine atakapopotea kweli, na siku hiyo itafika, tangazo litasomwa na mtu atamgeukia mwenzake amuulize: isije ikawa filamu tena? Watakaa kwanza. Watapiga simu huku na huku kuhakikisha. Saa moja itapita. Mji wetu uko kando ya bahari, una mitaro mirefu, una malori yanayoingia bandarini. Saa hiyo moja ndiyo ninayoililia, na hakuna kiingilio kitakachoirudisha. Mwanzoni mwa mwaka 2019 nchi hii ilizika watoto wa Njombe waliochukuliwa wakauawa. Mzazi gani amesahau? Unachukuaje hofu kama ile, ambayo wazazi wenzako wanalala nayo, ukaifanya gundi ya kubandikia bango lako?

Kijana alijitetea kwa mfano wa Marekani. Akanitajia The Blair Witch Project ya mwaka 1999, filamu ya gharama ndogo iliyoingiza mamilioni ya dola baada ya watengenezaji kusambaza habari kwamba waigizaji wake watatu wamepotea porini, na karatasi za kuwatafuta zikabandikwa. Ni kweli. Lakini habari hiyo isimuliwe mpaka mwisho. Mama mzazi wa mwigizaji mmoja alipokea kadi za rambirambi kwa ajili ya binti ambaye yuko hai. Na mji mdogo wa Burkittsville, katika jimbo la Maryland, ambao jina lake lilitumika ndani ya hadithi, ulivamiwa na wageni waliokuja kumtafuta mchawi, wakawa wanaiba hata vibao vya kuwakaribisha watu mjini. Wakazi wa Burkittsville hawakuomba filamu ile. Wenye filamu walivuna fedha, wenye mji wakabaki kununua vibao vipya. Huo ndio mfano aliouona unafaa kuletwa Tanga.

Sipingi kiki. Nasema hivi kwa sababu najua nitaambiwa shangazi amezeeka. Kuna kiki nzuri, ambayo mtazamaji anaalikwa mchezoni akijua kuwa ni mchezo. Mwaka 1958 mtayarishaji wa Kimarekani William Castle alikuwa na filamu ya kutisha iitwayo Macabre. Akawakatia watazamaji bima kwa kampuni ya Lloyd's ya London: atakayekufa kwa woga akiwa ndani ya ukumbi, warithi wake walipwe dola 1,000. Watu walijaa. Kila aliyekata tiketi alielewa kwamba anachokozwa, akakubali kuchokozwa, akacheka na mwenzake mlangoni. Hakuna aliyetolewa nyumbani usiku kwa machozi. Tofauti ya Castle na vijana wetu haiko kwenye fedha, maana bima ile ilikuwa wazo kuliko gharama. Tofauti ni heshima kwa mtu unayemtaka aje.

Na kuna njia iliyo bora kuliko kiki, nayo ni kuufanya mji uwe mwenye filamu. Mwaka 2007, ilipokaribia kutoka The Simpsons Movie, ambayo hadithi yake iko kwenye mji wa kubuni uitwao Springfield, miji halisi ya Marekani yenye jina hilo ilishindanishwa. Kila mji ukatengeneza video yake, watu wakapiga kura, na Springfield ya Vermont, mji mdogo kabisa, ndio ulioshinda ukapewa uzinduzi. Kampuni kubwa kama ile, yenye fedha ya kununua kila bango barabarani, bado iliona faida ya kuwaacha watu wa mji wajirekodi wenyewe. Sisi tusio na fedha ndio tunaotaka kupita njia ya kudanganya?

Tanga tunavyo vya kufanyia hayo, tena tele. Mjomba wangu alikuwa anatusimulia enzi za Majestic na Novelty, jinsi picha mpya ilivyotangazwa: bango limechorwa kwa mkono, limefungwa kwenye mkokoteni, ngoma mbele, watoto nyuma, mpaka mtaa mzima unajua leo kuna picha gani. Hakuna aliyetishwa. Baiskeli zetu ambazo mikoa mingine wanatutania nazo, nani amewahi kuzitumia? Waigizaji wakivaa nguo zao za kwenye filamu, wakaendesha baiskeli kutoka Makorora mpaka Raskazone Jumamosi jioni, nani atabaki ndani?

Klabu ya Coastal Union iko Barabara ya 11, African Sports iko Barabara ya 12, na ushindani wao umegawa nyumba za mji huu tangu zamani. Waombeni maveterani wa pande zote mbili wacheze mechi ya kirafiki, waigizaji wagawanywe nusu huku nusu kule, na mshindi aingie bure kwenye onyesho la kwanza. Watu wataisema filamu yenu vijiweni bila ninyi kulipia hata shilingi. Taarabu je? Mji uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star unatangaza filamu yake kwa muziki wa kupakua kwenye simu! Tungeni wimbo wa filamu, mpeni mwimbaji wa hapa auimbe kwenye shughuli kabla filamu haijatoka. Akina mama wakiukariri wimbo, filamu imeshafika.

Mchekeshaji Mzee Majuto, Amri Athumani, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa wa kwetu na tulimwita wa kwetu mpaka siku tunamzika. Nchi nzima ilikuwa inamjua, lakini watu wa hapa walinunua kazi zake kwa sababu walikutana naye sokoni na msikitini, akawaitikia salamu. Sikumbuki watu wa mtaani kwetu wakitolewa majumbani kwa hofu ili yeye apate kutazamwa.

Tena mkoa huu una historia ya filamu ambayo vijana hawa hawafundishwi. Kule Vugiri, kwenye milima ya Usambara, upande wa Korogwe, ndiko yalikokuwa makao ya mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment kati ya mwaka 1935 na 1937. Waingereza walitengeneza filamu za kufundisha, za minyoo ya safura, za mmomonyoko wa udongo, za kuweka akiba posta, wakapakia mashine kwenye lori, sauti ikiwa kwenye santuri, wakazunguka nazo Tanganyika na nchi za jirani. Siupendi mradi ule. Walikuja kumfundisha Mwafrika namna ya kuishi wakiwa wameshaamua yeye hajui kitu. Ila lazima niseme, kwa shingo upande, kwamba jambo moja walilielewa: waliwafuata watu walipo. Hawakukaa Vugiri wakasubiri wanakijiji wasikie fununu.

Na mfano wa sasa uko jirani kabisa. Filamu ya Aisha ya mwaka 2015 ilitengenezwa Pangani na shirika la pale pale, UZIKWASA. Inahusu ukatili anaofanyiwa mwanamke, jambo zito kuliko hadithi ya mtoto aliyepotea, na haikuhitaji kumtisha mtu barabarani. Ilipelekwa vijijini, watu wakatazama pamoja, wakakaa wakaijadili. Pale tangazo na filamu na mazungumzo vimekuwa kitu kimoja, na anayetoka pale anamwambia mwenzake wa kijiji cha pili.

Najua shida zenu. Kumbi zimekwisha, filamu ikitoka leo kesho iko kwenye flashi za watu, vipindi vya televisheni bei yake haikamatiki, na wenye vibanda umiza wanaona heri mechi ya Uingereza kuliko picha ya Kiswahili. Nakubali pia kwamba karatasi zile zilifanya kazi kwa maana finyu: jina la filamu limejulikana mji mzima kwa siku mbili. Lakini sikilizeni linatajwa vipi. Jirani yangu ni mpenzi wa filamu za Kiswahili kuliko mimi, ana sanduku zima la sidii za zamani. Ameapa hatii mguu pale ukumbini. Mmempoteza mteja ambaye mngempata kwa salamu tu.

Halafu mtu anaulizwa mbona hakuomba ruhusa ya mtaa, anajibu kwamba filamu yenyewe imeshapita Bodi ya Filamu. Bodi inakagua filamu. Nguzo ya umeme iliyo mbele ya dirisha langu na hofu ya mama wa jirani havimo kwenye cheti.

Sasa, wanangu, kwa sababu bado nataka filamu za Tanga zitazamwe, na nawatakia mfike mbali kuliko hapa. Pale Msambweni kuna vikundi vya akina mama vya kufa na kuzikana. Wanakutana, wana daftari, wana kiongozi, na wakiamua kwenda mahali wanakwenda wote. Wengi hawaendi kumbi za usiku kwa sababu zimejaa vijana na mlangoni hakuna ustaarabu. Wekeni onyesho lao, Jumapili baada ya Alasiri, wasichana wakae mlangoni, kiingilio kiwe cha kikundi na sehemu yake irudi kwenye mfuko wao wa misiba. Mimi nitawapeleka kwa katibu wao, namfahamu. Mje na filamu kamili aitazame kwanza, na yule msichana mdogo aje na mama yake, amsalimie.