Vitabu vya kujisaidia na afya ya akili: tunachokidharau ni kipi hasa?

Daktari anayewahudumia wagonjwa wa sonona ana sababu ya kuviogopa vitabu vya kujisaidia, yaani vile vinavyomfundisha msomaji kujitatulia shida zake mwenyewe. Baadhi ya wagonjwa humfikia wakiwa wamechelewa, baada ya miezi ya kujilazimisha kuamka alfajiri, kujisemea maneno ya ushindi mbele ya kioo na kuandika malengo ya mwaka, na kila zoezi lililowashinda limewaongezea hatia juu ya huzuni waliyokuwa nayo. Hofu hiyo ina ushahidi. Mwaka 2009, watafiti nchini Kanada wakiongozwa na Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo waliwataka watu wajirudierudie kauli kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walinufaika kidogo, lakini waliojiona duni waliishia kujisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyo hiyo ambao hawakupewa zoezi hilo. Kwa maneno mengine, aliyeumia ni yule yule aliyelengwa kusaidiwa.

Ipo pia hoja ya kijamii. Tangu Samuel Smiles, mwandishi wa Uskoti, alipotoa mwaka 1859 kitabu kilichoipa aina hii ya vitabu jina lake, vitabu vya namna hii vimeshutumiwa kwa kumtwika mtu binafsi mzigo usio wake. Mama aliyekopa mikopo ya kausha damu, naye halali kwa kuwaza marejesho ya kila siku, hahitaji kwanza kufundishwa kuwaza vizuri. Anahitaji mkopo wenye masharti ya haki. Anayempuuza mkosoaji anayesema hivyo hajakaa karibu na watu wenye dhiki.

Hata hivyo, nikizipima hoja hizi mbili naona zinapiga aina moja tu ya vitabu, ile tunayoiita vitabu vya hamasa au vya mafanikio, ambayo imejaa kwenye meza za wauzaji wa kando ya barabara Dar es Salaam na Nairobi. Ipo aina nyingine ambayo kwetu haijulikani vya kutosha, nayo ni mwongozo wa mazoezi uliotokana na tiba ya mazungumzo. Mwongozo huo hauahidi utajiri wala furaha. Humwomba msomaji aliandike wazo linalomtesa, aangalie ni lipi linalolithibitisha na ni lipi linalolikanusha, apange jambo moja dogo la kufanya kesho hata kama hana hamu nalo, kisha aandike lilivyokwenda. Kazi yake iko karibu zaidi na daftari la mazoezi la shuleni kuliko hotuba ya mhamasishaji, na ni makosa kuihukumu kwa dhambi za jirani yake wa rafu ya vitabu.

Katika jimbo la Alabama nchini Marekani, Christine Jamison na Forrest Scogin walitoa mwaka 1995 matokeo ya jaribio lililohusisha watu wazima 80 wenye sonona. Kundi moja lilipewa kitabu cha aina hiyo mara moja, na jingine likasubiri. Baada ya wiki 4, takribani watu saba kati ya kumi waliosoma hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa sonona, ilhali miongoni mwa waliosubiri karibu hakuna aliyefikia hapo. Watetezi wa vitabu hupenda kuitaja namba hiyo, lakini mimi huvutiwa zaidi na jambo ambalo huachwa pembeni: kila wiki watafiti waliwapigia washiriki simu fupi ya dakika chache, si kwa ajili ya tiba, bali kujua wanaendeleaje na wamefika ukurasa upi. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha mwelekeo huo huo, kwamba kitabu chenye mtu wa kukuulizia hufanya kazi vizuri kuliko kitabu ulichoachiwa peke yako. Ndiyo maana Wales ilipoanzisha mwaka 2005 utaratibu wa daktari kumwandikia mgonjwa kitabu cha kuazima maktaba, na Uingereza ikaufuata mwaka 2013, kitabu hakikuokotwa sokoni. Kilichaguliwa na wataalamu, na nyuma yake alikuwapo mtu wa kurudiwa.

Msomaji anaweza kuuliza kama mambo ya Alabama na Wales, kwenye maktaba na simu za mezani, yanatuhusu. Jibu lipo karibu zaidi, kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino. Huko, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, wa vijiji 14, walishiriki jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Programu yao, iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, ilikuwa vikao 5 vya takribani saa mbili kila kimoja. Wanawake kati ya ishirini na thelathini walikaa pamoja, wakasikiliza maelezo na mazoezi yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kila mmoja akarudi nyumbani na kitabu kilichojaa picha, ambacho hata asiyejua kusoma angeweza kukifuata. Waliowaongoza hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Miezi mitatu baada ya vikao, dhiki ya moyo ilikuwa imepungua zaidi kwa wanawake hawa kuliko kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Nimelirudia jaribio hili mara nyingi kwa sababu linavunja karibu kila sababu tunayoitoa ya kutofanya lolote. Tunasema watu wetu hawasomi, na hawa wengi wao hawakusoma. Tunasema hatuna wataalamu, na hapa wataalamu hawakuwamo chumbani. Tunasema shida za watu ni za maisha na si za mawazo, na hawa walikuwa wamekimbia vita, wakaendelea kuishi ukimbizini baada ya vikao kwisha. Kitabu hakikuwarudishia nyumba zao, lakini kiliwapunguzia sehemu ya mateso ambayo haikulazimika kusubiri amani.

Mipaka ipo, na ni lazima itajwe. Nafuu ya wanawake wa Rhino ilikuwa kubwa mara baada ya vikao kuliko ilivyokuwa miezi mitatu baadaye. Pia, mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayewaza kujiua, hapaswi kupewa kitabu na kuachwa, bali apelekwe kwenye huduma siku hiyo hiyo. Lakini Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wenye matatizo ya akili hawapati matibabu yoyote. Kwa wengi wao kitabu hakimnyang'anyi daktari nafasi, maana daktari hayupo.

Wanaosema mpango wa namna hii ni mgeni kwetu wamesahau mwaka 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya vijijini, kila kikundi kikiwa na redio, kijitabu cha Kiswahili na kiongozi aliyefunzwa kwa muda mfupi. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Ukiondoa malaria na kuhara ukaweka sonona na wasiwasi, mpango wa Rhino ni ule ule. Tulichonacho sasa ni redio nyingi zaidi, simu mikononi, na vikundi vya vikoba vinavyokutana kila wiki bila kuitwa na serikali. Kinachokosekana ni kijitabu chenyewe: cha Kiswahili cha kueleweka, chenye picha, kilichopimwa na wataalamu wa hospitali za akili za Mirembe na Mathari kabla hakijafika mezani kwa muuzaji wa kando ya barabara, kikiwa na ukurasa wa kwanza unaomweleza msomaji ni dalili zipi zikimpata afunge kitabu na kwenda hospitali.