"Sawa" ya Arusha

Mzungu akiingia ofisini bila kusalimia na kuuliza moja kwa moja faili liko wapi, watu hutazamana, hucheka kidogo na kusema kwamba ndivyo walivyo. Mkenya akifanya hivyo hivyo, tena kwa Kiswahili, hasamehewi. Nimefanya kazi Arusha kwa miaka kadhaa pamoja na watu wa mataifa mbalimbali, na migogoro mizito niliyoishuhudia haikuwa kati ya watu wasiojuana lugha, bali kati ya wale waliodhani kwamba wanaelewana.

Mji huu ndio makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ianze kutumika tarehe 1 Julai 2010, kufanya kazi chini ya bosi kutoka nchi jirani si jambo la kushangaza tena. Katika taasisi moja niliyowahi kuitumikia, aliletwa mkuu wa kitengo kutoka Nairobi, kijana hodari, mwepesi wa kazi na asiyejua kinyongo. Asubuhi ya siku yake ya pili alisimama mlangoni mwa mhasibu wetu, mama wa Kichaga aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu, akamwambia, "Madam, nipe ile ripoti ya matumizi leo kabla ya saa kumi." Mama alikuwa akifungua chupa ya chai. Aliifunga tena taratibu, akaitazama kompyuta yake, akajibu, "Sawa, bosi." Saa kumi ikafika, ripoti haikuonekana. Kesho yake ikaja barua pepe ya mistari miwili, nakala kwa mkurugenzi, na kwa muda wa wiki tatu watu hao wawili waliotenganishwa na ukuta wa mbao wakawa wanaandikiana kana kwamba mmoja yuko Kigoma.

Kwa kijana yule, "sawa" ilikuwa ahadi. Kwa mama, "sawa" ilikuwa na maana ya "nimekusikia", na jibu lenyewe lilikuwa katika ile chupa iliyofungwa. Sisi huku huomba hata kilicho haki yetu, mtu anakwenda dukani na pesa yake mkononi na bado anasema, "Naomba sukari kilo moja." Tena bosi akiwa kijana na karani akiwa mtu mzima, cheo hakimwondolei bosi shikamoo. Mwenzetu hakuwa na nia ya kumdharau mtu. Kwa watu wengi waliokulia Nairobi, adabu ya kikazi huvaa Kiingereza, na Kiswahili hubaki kuwa cha matatu, sokoni na barazani, mahali ambapo "nipe" haimuumizi yeyote. Kwa hiyo alipoamua kutuheshimu kwa kutumia lugha yetu, aliivua adabu yake yote mlangoni bila kujua. Wala tusiseme kwamba huo ni Ukenya, kwa sababu mtu wa Mombasa au Lamu asingethubutu kuanza hivyo.

Hata hivyo, siwezi kuwatetea Watanzania wenzangu kama tunavyopenda kujitetea, yaani kwa kujisifu kwamba sisi ni wastaarabu. "Sawa" yenye maana ya "sitafanya" ni deni linalolipwa na mtu mwingine, na katika kisa hiki lililipwa na mkurugenzi aliyeingia kikaoni bila takwimu. Yule kijana alilalamika waziwazi na kufikia saa saba mchana alikwisha kusahau. Sisi tulitabasamu, tukanuna, tukapika majungu kwenye chai na kuliweka neno moyoni. Mpaka leo sioni kununa kuna ustaarabu gani.

Sheria nayo hufika ikiwa imechelewa. Mgogoro ukipelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, msuluhishi hupewa siku 30 za kujaribu kuwapatanisha wahusika kabla ya hatua nyingine, na huo ni utaratibu mzuri, lakini sidhani kwamba kuna fomu yenye nafasi ya kuandika "hakunisalimia". Uongozi wetu uliandaa semina ya siku mbili, tukaonyeshwa mchoro wa jiwe la barafu linaloelea baharini, tukala vizuri, tukarudi kununiana.

Aliyeutatua mgogoro ule ni dereva. Alikuwa Mpare, kwa hiyo mtani halali wa mama mhasibu, na alisubiri saa nne watu wote wawepo kwenye chai. "Bosi," alisema, "huyu Mchaga ulimwomba ripoti mikono mitupu? Ungeweka elfu kumi mezani ungeipata siku ile ile." Mama akajibu bila kugeuka, "Mpare nyamaza, wewe unauza ng'ombe uendeshe kesi ya kuku." Watu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho mama akaongeza, "Tena angenisalimia tu, ningempa bure." Lalamiko la wiki tatu likawa limesemwa hadharani, mbele ya mhusika, bila mtu kuvunjiwa heshima. Utani una wenyewe, na bosi anayemfanyia mzaha wa kabila mtu wa chini yake hatanii, anaonea. Ndiyo maana nasema ofisi yenye watu wa kila namna inamhitaji mtu wa aina ya yule dereva kuliko inavyohitaji semina.

Jioni ile kijana aliingia kwa mama, akavuta kiti, akafunga mlango. Hatukujua walichozungumza. Tulichokuja kukisikia ni kwamba kila alipojibiwa "sawa", alikuwa akiuliza, "Sawa ya leo au sawa ya Arusha?"

"Ya Arusha, mwanangu," mama alimjibu siku moja. "Njoo kesho saa tatu, na uanze na shikamoo."