Cheti cha kifo kinapotafutwa miaka kumi na tano baadaye

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, kuna kundi la waombaji linalokwama mapema kuliko wenzao. Ni yatima. Bodi ya Mikopo, HESLB, inamtaka aliyefiwa na mzazi aambatishe cheti cha kifo, na cheti hicho kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa Tanzania Bara, au na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Zanzibar. Sasa mchukue kijana aliyemaliza kidato cha sita, ambaye baba yake alizikwa kijijini yeye akiwa na miaka mitatu. Anadaiwa karatasi ya tukio ambalo hakuna ofisi iliyowahi kuliandika. Mama yake hakuihitaji wakati ule. Hapakuwa na akaunti ya benki, hati ya nyumba wala mafao ya kufuatilia. Shamba lilikuwa la ukoo, akaendelea kulima.

Mitandaoni jambo hili huamuliwa haraka: urasimu, wanatunyanyasa, basi. Lakini uhakiki haukuzuka hivi hivi. Yatima hupewa kipaumbele, na penye kipaumbele hawakosi watu wa kujipachika. Kumfisha mzazi kwenye karatasi huku yuko nyumbani anakunywa chai ni jambo linalowezekana, na kila anayefanikiwa anakula nafasi ya yatima wa kweli. Kwenye mirathi ni hatari zaidi. Cheti cha kifo ndicho kinachoanzisha safari ya kwenda mahakamani kuomba usimamizi, na msimamizi akishateuliwa anaweza kuuza kiwanja, kutoa fedha benki na kudai mafao kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF. Ofisa anayetoa cheti bila kuuliza maswali anaweza kumfukuzisha mjane kwenye nyumba yake kwa mhuri mmoja.

Kwa hiyo sibishani na ukali wenyewe. Ninachohoji ni wakati unapotumika.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, ambayo asili yake ni ya mwaka 1920, inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali, ndugu hupewa tangazo la kifo, yaani fomu ya kuombea cheti, palepale. Aliyefia nyumbani, taarifa inaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kata, kisha cheti kinafuatwa wilayani. Ndani ya siku hizo 30 kila mtu anakumbuka. Aliyemwosha marehemu yupo, daktari au mganga wa zahanati yupo, na wachimba kaburi bado wana malengelenge. Ushahidi umejaa, ila hakuna anayeuomba. Miaka 15 ikipita, ushahidi umepungua, na hapo ndipo ofisi inapoanza kuuomba kwa bidii: barua ya mtendaji, muhtasari wa kikao cha ukoo, hati ya kiapo, kitambulisho cha marehemu kama kipo, barua ya hospitali kama bado ina kumbukumbu.

Fungua bahasha ya familia moja ya namna hiyo uone. Kadi ya kliniki inasema Athumani Hasani. Kadi ya chama inasema Othman Hassan. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema Athuman H. Mussa, kwa kuwa karani wa siku hiyo aliuliza jina la babu. Tangazo la kifo, kama walilipata, limekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka kwenye tarehe. Mtu ni mmoja na kijiji kizima kinamjua, ila kwenye dirisha la ofisi hao ni watu watatu. Dawa yake ni kiapo cha majina kwa wakili, na wakili yuko mjini na ana bei yake.

Hapo ndipo watetezi wa utaratibu mkali wanapopata kidogo kuliko wanavyodhani. Yule mtendaji anayeandika barua leo hakuwepo mwaka ule. Pengine ni wa tatu au wa nne tangu mazishi. Anaandika alichoambiwa na wazee wawili walioletwa na mwombaji mwenyewe. Kiapo nacho ni maneno ya mwombaji yaliyogongwa mhuri. Karatasi zimeongezeka, lakini ukizichambua, zote zinarudi kwenye mdomo mmoja. Tapeli mwenye nauli na ada ya wakili atazikusanya ndani ya wiki moja. Mama wa kijijini mwenye kaburi la kuonyesha na majirani hamsini wa kuthibitisha atapigwa kalenda.

Upande wa pili unasema: shusheni huduma kwenye kata, mambo yaishe. Hoja hii ina mfano wa kuutegemea. Kuanzia 2013, kwa kuanzia Mbeya, usajili wa watoto chini ya miaka mitano ulipelekwa kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, cheti kikatolewa bure, na watu wakajitokeza kwa wingi. Kwa nini tusifanye vilevile kwa wafu?

Kwa sababu mtoto analetwa na mwenye shida naye. Mama anakwenda kliniki kwa chanjo kwa vyovyote vile, na kadi inapojazwa hapo hapo hapotezi siku nyingine. Marehemu hana kliniki. Halafu kuna jambo ambalo wapenda wepesi hawaligusi: mtendaji ni jirani, mara nyingine ni shemeji wa mmoja wa wagombanao. Ukimpa mamlaka ya kuthibitisha kifo cha zamani, umempa pia mamlaka ya kuandika tarehe. Tarehe si kitu kidogo. Baba na mwana wakifariki mwaka mmoja, nani alitangulia ndilo swali linaloamua kama wajukuu wana fungu au hawana. Kusogeza kifo kimoja miezi miwili nyuma kunaweza kugawa upya ekari ishirini.

Mimi ningemwachia mtendaji kazi ya kuandika mapema, nimnyime ya kuandika kwa kuchelewa. Ndani ya siku 30 aandike mwenyewe, bure, bila kumtuma mtu wilayani. Baada ya hapo jambo liende juu, lakini huko juu wapime ushahidi wa siku za msiba kabla ya barua zilizotungwa jana. Ushahidi huo upo kuliko tunavyofikiri. Kwenye kila msiba yupo kijana aliyekabidhiwa daftari la rambirambi, anaandika majina na kiasi mstari kwa mstari, juu ameweka jina la marehemu na tarehe. Daftari hilo haliwezi kuwa cheti. Ila liliandikwa siku yenyewe, mbele ya watu, na kijana asiye na habari kwamba siku moja litaombwa. Kwangu lina uzito kuliko kiapo cha juzi.

Kenya wamejaribu njia ya kufunga mazishi kwenye kibali: aliyefia nyumbani anaripotiwa kwa naibu wa chifu, naye ndiye anayeandika. Ni njia nzuri kwa kuwa inakamata tukio likiwa bichi. Lakini iingize kwenye mwambao wetu, ambako aliyefariki alfajiri anasaliwa adhuhuri na kuzikwa. Kifo cha Jumamosi hakisubiri ofisi ya Jumatatu, na hakuna serikali yenye akili itakayotuma mgambo makaburini kuuliza kibali. Huko ni afadhali kuandika baada ya maziko, kwa kumtumia yule ambaye hakosi kuwepo: imamu, katekista au mjumbe.

Wapo pia wasio na kaburi. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria ilikuwepo kwa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Familia ya aliyekuwa chini kule, mwili wake usipoopolewa, ilikuwa na huzuni ileile na ushahidi pungufu. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka 5 achukuliwe kuwa amefariki, na sharti hilo linafaa kwa aliyeaga kwenda machimboni akapotea. Kwa meli iliyozama watu wakiona, miaka 5 ni mingi mno. Mtoto ataanza darasa la kwanza na kufika la sita ndipo baba yake akubalike kuwa amekufa.

Tukirudi nyuma zaidi, pengo linakuwa la tabaka zima. Chini ya ukoloni usajili wa vifo ulikuwa wa lazima kwa Wazungu na Waasia. Kwa Mwafrika ulienezwa kidogo kidogo, wilaya kwa wilaya, na kwa sehemu kubwa baada ya uhuru. Kenya walikamilisha kuifikia nchi nzima mwaka 1971. Ndiyo maana mjukuu wa karani wa reli kutoka Goa anaweza kutafuta kifo cha babu yake kwenye rejista, na mjukuu wa mpagazi wa Vita Kuu ya Kwanza akarudi mikono mitupu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000 waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza katika vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Rejista chache za zamani zilizobaki, je, ziwe wazi kwa yeyote? Wanaokataa wana hofu mbili: kwamba rejista ya zamani itafufua kesi za ardhi zilizokwishalala, na kwamba sababu ya kifo ni siri ya familia. Hofu ya kwanza hainishtui. Kesi ambayo inalala kwa kuwa karatasi imefichwa haijamalizika. Ya pili naiheshimu, hasa kwa vifo vya miaka ya themanini na tisini, wakati ukimwi ulipokuwa unanong'onwa. Sababu ya kifo izuiwe; jina, tarehe na mahali viachwe wazi kwa kumbukumbu zilizopita miaka 30, muda uleule unaotumika kwa nyaraka za taifa chini ya sheria ya 2002.

Shida ni kwamba sheria hiyo inagusa nyaraka za serikali. Kwa Mwafrika aliyefariki mwaka 1910, kumbukumbu pekee mara nyingi iko kwenye madaftari ya misheni, kama ile ya Bagamoyo iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako walibatizwa, wakafungishwa ndoa na kuzikwa watu ambao hakuna boma lililowaandika. Madaftari hayo ni mali ya kanisa. Paroko mmoja atakukaribisha, akufungulie kabati na kukusomea Kilatini mwenyewe. Mwingine atasema hana nafasi, na hakuna ofisi ya umma ambako utakwenda kumkatia rufaa.