Spesa na adapta kwenye gari za zamani: wanaokataa na wanaofunga wote wana hoja

Huku Mtwara ukikaa kijiweni na wenye gari za zamani lazima ukute ubishi wa rimu. Mmoja anasema spesa, kile kipande cha duara kinachowekwa kati ya rimu na habu (kitovu ambapo tairi inafungwa), ni kifo kinachotembea, mwingine anakwambia nimefunga mwaka wa tatu huu na sijawahi kupata shida. Mi naona wote wanasema kweli, ila wanaongelea vitu viwili tofauti.

Tuanze na sababu ya watu kufunga. Chukua Corolla KE70, ile DX, imetoka kiwandani na tairi za 13, nati nne, PCD 114.3, yaani duara linalopita katikati ya matundu ya nati lina kipenyo cha milimita 114.3. Tairi nzuri za 13 siku hizi unatafuta mpaka unachoka, wakati rimu za 14 na 15 zilizotoka kwenye Corolla za miaka ya 90 ziko kibao, ila hizo PCD yake ni 100, matundu hayaingii. Hapo ndo adapta inapoingia, inafungwa kwenye habu kwa nati zake yenyewe halafu ina stadi zake, yaani boliti za kushika rimu mpya. Spesa haibadili matundu, inasogeza tu rimu nje. Kwa hiyo anayefunga vitu hivi sio wote wanatafuta mwonekano, wengine wanataka tu gari ya mzee iendelee kutembea, na hilo nawaunga mkono kabisa.

Hoja kubwa ya wanaokataa ni kwamba inaua beringi na inafanya steringi kuwa nzito. Ni kweli tairi ikisogea nje, uzito unaivuta beringi kwa mkono mrefu zaidi, na kwenye mashimo steringi inakupiga mkononi. Lakini hapa watu wanaruka jambo moja, rimu zenyewe hazifanani kina. Rimu za gari mpya zinazovutwa na tairi za mbele huwa zimeingia ndani sana, ofseti (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokaa kwenye habu) ni 40 na kitu, za gari za zamani zinazosukumwa na tairi za nyuma nyingi ni ofseti ndogo. Tuseme rimu yako ya asili ni 15 na mpya ni 40, ukiweka adapta ya milimita 25 katikati ya tairi inarudi palepale ilipokuwa, beringi haijui kama kuna kilichobadilika. Ukiweka hiyohiyo 25 kwenye rimu ya asili ili tairi zitokee nje ya madigadi basi umeongeza mzigo na beringi itadai haki yake. Kwa hiyo swali la kwanza sio unene wa spesa, ni katikati ya tairi imeishia wapi.

Mimi kinachoniogopesha zaidi ni nati. Mjomba wangu alichongewa spesa za chuma kwenye leithi, mashine ya kuchonga vyuma, unene wa sentimita moja hivi, zile za kupachika tu juu ya stadi zilezile za zamani. Tunatoka Lindi, tunakaribia Mingoyo, tairi ya nyuma kushoto ikaanza kugonga, kwa kwa kwa, tukadhani ni jiwe. Kushuka, stadi mbili kati ya nne zimekatika na tundu la rimu limekuwa refu kama jicho la sindano. Nikachukua nati nikaifunga kwa vidole kwenye stadi iliyobaki, rimu na spesa vikiwa mahali pake, ikaingia mizunguko minne na nusu ikagota. Stadi ya milimita 12 ya Toyota inataka angalau mizunguko minane. Na watu wengi hawajui kwamba stadi haipaswi kubeba gari, kazi yake ni kubana rimu kwenye habu mpaka msuguano ubebe mzigo, nati ikilegea tu stadi inaanza kupindapinda kila tairi inapozunguka mpaka inachoka inakatika. Spesa yenyewe haikuwa na kosa la chuma, ilikosewa kufungwa.

Adapta nzuri inapona hapo kwa sababu ina stadi zake, lakini inaleta lake, nati za ndani zimejificha, huzioni bila kutoa tairi. Na huku kwetu pwani, chumvi ya hewa ikiingia kati ya aluminiamu ya adapta na chuma cha habu inazaa unga mweupe, sehemu zinagandana au hazikai flati. Nimeshaona Mikindani adapta inapigwa nyundo nusu saa ndo itoke.

Huko nje nako sio wote wanaozikataa. Ujerumani unaruhusiwa ukiwa na vibali vya kipande chenyewe, na Porsche wenyewe wameshatoa gari kiwandani zikiwa na spesa. Kwa hiyo ukisema spesa zote ni uchafu unakuwa umezidisha.

Msimamo wangu, kabla ya adapta tafuta kwanza rimu za PCD yako, Nissan Bluebird za zamani nazo ni 4 kwa 114.3, tundu lake la katikati ni kubwa kwahiyo weka ringi ya kuziba pengo, rimu isikalie nati peke yake. Ukikosa, nunua adapta inayokaa kwenye habu bila mchezo, safisha rangi na kutu pale zinapogusana, funga kwa spana ya kupima nguvu, Toyota wanataka 103 Nm, sio kupanda juu ya wili spana kwa miguu miwili, na baada ya kilomita 50 mpaka 100 toa tairi urudie kukaza zile nati za ndani. Kama fundi wako anakwambia huko kukaza mara ya pili hakuna umuhimu, tafuta fundi mwingine. Zile za leithi za kupachika za mjomba tumezitupa, gari imerudi kwenye rimu zake za chuma za 13 mpaka tupate tairi.